Kazi ya hoteli, pepa za CPA na harusi kila wiki: nyinyi masaa mnayapata wapi?

Bint_Langoni

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Nauliza, kuna mtu humu anafanya kazi ya kutwa na bado anasoma na hajapata wazimu? Mi niko Lamu, nafanya akaunti kwa hoteli moja ya Shela, hoteli yenyewe ndogo kwa hivyo akaunti ni mimi, stoo ni mimi, na wa mapokezi akiumwa na jino mapokezi pia ni mimi. Kwa karatasi natoka saa kumi na moja, kwa ukweli natoka wakiniachia. Nasomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, peke yangu nyumbani, chuo sina, ni vitabu na pepa za zamani na video za YouTube bando likiwepo. Nilikuwa nataka nikalie pepa tatu Disemba hii, uchumi, sheria na ile ya hesabu, sijajisajili bado ndo manake nimekuja hapa kwanza.

Jamani shida yangu si uvivu. Asubuhi nakaa niingize invoisi kwa kompyuta, nafika ya tatu nasikia "mzigo!", punda wako mlangoni wametoka gatini, mwenye punda hangoji ana safari nyingine, nashuka na karatasi yangu nahesabu kreti za soda, mafuta ya kupikia, gunia la viazi limelowa upande mmoja na hapo tubishane nani atalilipa, nasaini, napanda ngazi, nimesahau nilikuwa wapi naanza upya. Kabla ya adhuhuri mvuvi naye kaleta kamba, mpishi ananiita nikapime. Ile kazi ya kukaa na kufikiri naianza saa tisa wenzangu washaanza kujitayarisha kwenda zao.

Jioni nikifika nyumbani ni magharibi, baada yake chakula, baada yake wageni, na msimu huu kila wiki kuna harusi ya mtu ambaye nikikosa kwenda nitasemwa mpaka mwakani. Kitabu nakifungua saa nne usiku, saa nne na robo nimekilalia. Ratiba nshachora, ya rangi rangi, nikabandika ukutani, haikufika Alhamisi. Sasa nyinyi wenye kazi na masomo, hayo masaa mnayapata wapi? Na msiniambie "jitahidi dada", hiyo nimeshaambiwa na kila mtu.

Kaka_wa_Maweni

Waaleikum salaam dada yangu. Jaribu Pomodoro, sisi huku Malindi tumekaa na Wataliano mpaka mbinu zao za kusoma tunazo haha. Ilianzishwa na Mtaliano mmoja Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 80 akiwa mwanafunzi, alikuwa na ile saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, anaizungusha dakika 25 anasoma hafanyi kitu kingine chochote, ikilia anapumzika dakika 5, akishamaliza vipande vinne anapumzika kirefu kidogo. Siri yake ni simu. Simu iende chumba kingine, si kuilaza kifudifudi mezani halafu kila dakika unaigeuza, CHUMBA KINGINE.

Halafu kuna Mwingereza anaitwa Parkinson, yeye 1955 aliandika kwenye The Economist kwamba kazi hujitanua ikajaza muda wote ilopewa. Ukimwachia bosi wako jioni yote basi kazi yake itajaza jioni yote. Mwambie mwisho wangu saa kumi na moja na nusu, uone kama hoteli itaanguka.

Bint_Langoni

Shukran kaka. Ila chumba kingine kina mama, shangazi na watoto wa dada yangu, simu ikiingia huko inarudi haina chaji na imeshapiga picha mia za paka. Na bosi nimwambieje hivo mimi, mtu mwenyewe ndo alonipa kazi nikiwa sina hata cheti 😩

mwl_wa_hesabu

Naomba nimpinge kidogo kijana wa Malindi, kwa heshima. Dakika 25 ni nzuri kwa kusoma sheria au uchumi, kwa pepa ya hesabu zinakukata katikati. Chukua pepa yenyewe, masaa 3, alama 100, manake kila alama ina dakika 1 na sekunde 48. Swali la alama 20 ni dakika 36. Basi weka alamu dakika 36, chukua swali moja la zamani, kalamu, kikokotoo, fanya mpaka ilie, ikilia acha hata kama hujamaliza. Hapo unafanya mambo mawili kwa pamoja, unasoma na unajizoesha mwendo wa mtihani. Wanafunzi wangu wengi walokuwa wakianguka hesabu walikuwa wanaijua, kilichowaangusha ni kumaliza maswali matatu vizuri sana na mawili kuyaacha meupe.

La pili. Acha kusoma sura nzima mara moja halafu unaiaga mpaka wiki ya mtihani. Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akatoa matokeo 1885, akakuta kusahau kunakwenda kasi mwanzoni kabisa, masaa ya kwanza na siku ya kwanza, halafu kunapoa. Kwa hivyo ulichosoma leo kiguse kesho dakika 10 tu, kiguse tena baada ya siku tatu nne, kiguse tena wiki ya pili. Hizo dakika 10 ni za bei nafuu kuliko kukaa masaa mawili Jumapili unasoma upya kitu ulichokwisha kukisoma. Na usisome kwa kupitisha macho, funga kitabu ujiulize.

Zamani_Frontofisi

Bint salaam. Nimefanya hoteli Lamu miaka mingi kabla sijahamia huku bara, nikisoma maswali yako naona watu wanakupa dakika na wewe unahitaji KALENDA. Hebu tuangalie hiyo Disemba kwanza. Mtihani uko mwanzo wa mwezi. November tuna tamasha la utamaduni, mashindano ya punda na ya madau, mji mzima unasimama na hoteli zinajaa. Tangu katikati ya Disemba mpaka baada ya mwaka mpya Shela hakuna kitanda, wageni wanakuja na jamaa zao wote, kwa hivyo wiki zile mbili tatu kabla ya mtihani ndo wiki bosi wako anaagiza stoo ya krismasi na anataka kila kitu kihesabiwe. Sasa wewe unataka kumeza pepa tatu hapo. Hata uwe na saa ya nyanya, ya biringani, haitakusaidia.

Kasneb, wenye mitihani ya CPA, ina vipindi vitatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Disemba, na hulazimishwi kukalia pepa zote za levo kwa mpigo. Fikiria mwaka wa hoteli unavyokwenda. Kaskazi ikipiga kuna wageni. Pasaka ikipita mvua za masika zinaingia, Mei na Juni hoteli nyingi za Shela zinafunga kabisa zinapaka chokaa na kutengeneza makuti, zilobaki wazi zina mgeni mmoja anasoma kitabu juu ya dari. Hapo ndo pana masaa yako dada. Ukilenga Agosti unasoma Mei, Juni na nusu ya Julai kwa akili iliyotulia, halafu Agosti kweli wageni wamerudi lakini wewe unahitaji siku za mtihani tu na umeshajitayarisha. Mi ningekalia pepa MOJA Disemba, ile unayoiweza zaidi, nyingine ningezipeleka Agosti.

Na livu. Sheria ya ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi zenye mshahara kwa kila miezi 12, na mkikubaliana na mwajiri mnaweza kuzigawa vipande. Hoteli zinapenda kukutoa livu yote Mei kwa sababu hawana kazi nawe, ukinyamaza zinaisha zote huko. Nenda sasa hivi, kabla joto la msimu halijapanda, mwambie bosi nibakishie siku kadhaa za wiki ya mtihani, umwandikie, asaini. Ukienda November mwishoni utaambiwa hapana na hatakuwa amekukosea.

Nimesahau moja. Wewe ni mtu wa akaunti, kodi ya mishahara PAYE ni tarehe 9 na ya mauzo VAT ni tarehe 20, hizo hazijawahi kukusubiri hata mara moja. Kwa nini ratiba yako ya ukutani ilikuwa na rangi sawa kila wiki? Siku mbili kabla ya 9 na siku mbili kabla ya 20 andika HAKUNA KUSOMA, ulale. Usome kwa nguvu ile nafasi ya baada ya 9 na baada ya 20. Ratiba ikifa wiki ya kwanza mara nyingi ni kwa sababu aloichora amejifanya hajui mwezi wake ulivyo.

Bint_Langoni

Subhanallah hii ya tarehe 9 na 20 mbona sikuifikiria na mi ndo huwa nakesha na iTax, mtandao wa kulipia kodi 😅 Sawa nitaandika ya livu kesho. Ila pepa moja tu Disemba si nitamaliza CPA nikiwa bibi kizee?

Zamani_Frontofisi

Piga hesabu, wewe ndo mhasibu. Moja Disemba, mbili Agosti, na kama msimu ukiwa mwepesi moja Aprili. Levo ina pepa sita. Mtu anayejisajili tatu akafaulu moja na analipia tatu, amemtangulia nani?

Bi_Mkomani

Mwanangu wa Langoni, hawa wanaume wamekwambia kila kitu wakaruka harusi, kwa sababu wao harusi wanakwenda msikitini wanakula pilau wanarudi. Sisi ndo harusi inatumaliza. Mimi nimesomesha mabinti wangu wawili nikiwa na duka la maziwa na vitumbua, nakwambia ya nyumbani.

Usiache kwenda harusini, mji huu ukiacha kwenda kwa watu na wao hawatakuja kwako na utafika siku yako uwalaumu. Lakini harusi ina siku kadhaa na nani alokwambia lazima uonekane zote? Chagua siku moja, mimi nakushauri ya kupamba maana hapo ndo kila mtu yupo na kila mtu atakuona. Mchango wako upeleke mapema, kabla ya shughuli kuanza, mkononi kwa mama wa bibi harusi mwenyewe, umwambie "shangazi mimi nina mtihani, nitakuja siku ya kupamba inshallah, nikikosa siku nyengine uniwie radhi." Akishakusamehe yeye, atakayekusema nani? Wale wa pembeni akiwasikia atawanyamazisha mwenyewe. Watu wetu hawachukii mtu kusoma, wanachukia mtu kupotea kimya halafu wakamwona gatini anakula aiskrimu.

Na nyumbani kwako, mama yako ajue. Binti yangu mkubwa alikuwa akisoma baina ya magharibi na isha, nikafunga mlango wa daka mimi mwenyewe, mgeni akija nakaa naye barazani nje, namwambia mtoto anasoma. Baada ya mwezi hivi wageni wenyewe wakawa wanakuja baada ya isha. Ukimwambia mama "nina kazi nyingi" hakuelewi, kila mtu ana kazi nyingi. Mwambie "mama nataka saa hii moja, nilindie". Kina mama tunapenda kulinda kitu.

Ila maiti haina ratiba. Akifa mtu unafunga kitabu unakwenda, na hitima unakwenda. Kwa hivyo acha jioni moja kila wiki haina kitu, isipokuja shughuli basi ni yako ya kulala.

Kaka_wa_Maweni

Bi Mkomani hapo umepiga ndipo 👏 hiyo ya magharibi na isha mi pia naiunga mkono, na sisi huku karibu na ikweta tuna bahati, magharibi kwa mwaka mzima haipitani hata nusu saa hivi, kwa hivyo ukiamua "baada ya magharibi" ni saa ile ile Januari na Julai, jamaa yangu yuko Uingereza anasema kule wakati wa joto magharibi inaingia saa tatu usiku na zaidi na baridi inaingia saa kumi jioni, ratiba kama hiyo kwao haiwezekani.

Sista_wa_Zamu

Naingilia kama mtu wa hospitali. Nimeona hapo mwanzo "saa nne usiku nimekilalia". Mwili wako unakwambia ukweli na humu hakuna alokujibu. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 ya usingizi. Kama unaamka saa kumi na moja alfajiri basi saa nne usiku unatakiwa uwe unakoroma, si unafungua sura mpya. Na usingizi si wakati wa kupotea, ubongo unapanga ulichosoma hapo hapo, anayekesha kusoma halafu asilale anachota maji kwa pakacha.

Mi kwenye zamu za usiku nimejifunza kitu kimoja, kazi ngumu iende kwenye saa yangu kali. Ya kwangu ni asubuhi. Baada ya alfajiri kabla nyumba haijaamka nafanya lile gumu kabisa, hata kama ni nusu saa, jioni nafanya mepesi, kurudia, kujiuliza maswali. Bint wewe pepa ya hesabu ipeleke alfajiri, magharibi iwe ya sheria. Ukijaribu kinyume chake utakasirika bure.

Na Ramadhan usijidanganye, weka matarajio nusu. Daku na tarawehe vinabadilisha kila kitu, nimeona watu wanachora ratiba ya Ramadhan kama ya mwezi mwengine wanaishia kuumwa vichwa.

Maji_ya_Mkanda

Salaam. Mimi niko afya pia, zahanati moja kisiwani Pate, familia iko Amu, yani Lamu mjini. Nasoma digrii ya mbali. Wenzangu mnazungumzia saa, mimi safari yangu haina saa, ina maji. Mkanda, ule mlango wa bahari tunaopita, ukiwa mkavu boti haipiti, lazima maji yajae, na maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, leo tukiondoka saa mbili kesho ni karibu saa tatu, keshokutwa inasogea tena, halafu bamvua ikija mambo mengine. Kwa hivyo ratiba ya "kila siku saa fulani" kwangu ilikufa zamani.

Nilichofanya nikagawa kazi zangu kwa MAHALI. Kuna za gatini, za ndani ya boti, za nyumbani. Ndani ya boti mashine inanguruma na maji yanarushwa, kitabu huwezi, nikakata maboksi ya majani ya chai vipande vya ukubwa wa mkono, swali mbele jibu nyuma, nimevitia kwenye mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia pesa. Natoa kimoja, nasoma, narudisha, naangalia bahari najibu moyoni, nageuza. Mara ya kwanza abiria walidhani nasoma uganga. Sasa kuna mzee mmoja wa Siyu akipanda ananiambia "leta hizo karata" ananiuliza yeye, hajui kinachoulizwa lakini akiniona nimekwama anafurahi mpaka anapiga kofi. Gatini nikingoja maji naandika kazi za chuo maana pale kuna kivuli na kuna kukaa. Nyumbani sipangi kitu kigumu, nina watoto.

Wewe Bint unatoka Langoni mpaka Shela kila siku. Unakwenda kwa miguu au kwa boti?

Bint_Langoni

Kwenda nakwenda kwa miguu na wenzangu, kurudi inategemea, nikiwa nimechoka napanda boti. Kwa miguu ni kama dakika arubaini hivi kwa mwendo wa kupiga domo 😄 Ndo wakati wa kupata habari za mji wote huo, usiniambie niuache.

Maji_ya_Mkanda

Kwenda usiuache, domo pia ni haki yako. Kurudi rudi peke yako, jirekodi ukisoma zile sheria kwa sauti yako mwenyewe kwenye simu, uwe unajisikiliza njiani. Haili bando.

mwl_wa_hesabu

Naunga mkono karata za bwana wa Pate. Hizo ndizo Ebbinghaus angezitaka. Ila usiandike karata mia siku moja, andika za siku ile, tano sita, zinatosha.

stoo_keeper254

mi nataka kurudi kwa ile ya punda maana hakuna aloigusa na ndo inamuua mchana. Bint nani alokwambia mzigo unapokelewa saa yoyote? Sisi kwetu tuliandika karatasi mlangoni, MZIGO UNAPOKELEWA SAA NNE HADI SAA SITA, tukawapigia wauzaji wote simu. Nje ya hapo hakuna wa kusaini. Wiki ya kwanza walileta kelele, ya pili wakazoea.

Bint_Langoni

Kwenu wapi? Maana huku lori likichelewa Mokowe, gati la ng'ambo bara, kila kitu kinachelewa, mwenye boti hawezi kukaa na nyama bahari nzima akingoja saa nne yangu.

stoo_keeper254

mombasa

Zamani_Frontofisi

😂😂 Ndugu yangu stoo, Mombasa lori linafika mlangoni. Lamu mzigo unashuka Mokowe, unapanda boti, unashuka gatini, unapanda punda. Hiyo karatasi yako mlangoni ataila punda.

Lakini wazo si baya, ni kuligawa tu. Vikavu na vibichi. Soda, sabuni, mchele, mafuta, karatasi za chooni, hivyo vinaweza kupangiwa siku mbili za wiki, Jumanne na Ijumaa kwa mfano, hakuna sabuni ya dharura. Vibichi yani samaki, kamba, nyama, mboga, vinakuja vikija, na hivyo kwa nini ahesabu mtu wa akaunti? Mpishi ana mizani jikoni. Mpishi apime, aandike kwenye kitabu kimoja, mvuvi asaini, wewe saa nane unapitia kitabu unalinganisha na pesa uliyotoa. Ukishuku mpishi unapima wewe siku usiyomwambia.

Bint_Langoni

Hapo kwa mpishi pana maneno, kuna wakati kilo zilikuwa zinapungua baina ya mlangoni na friji, ndo sababu bosi alisema nipime mimi. Lakini hiyo ya vikavu siku mbili naweza kumpelekea bosi, hiyo haimkeri mtu. Na kamba zenyewe mvuvi mara nyingi huleta saa nne nne hivi, basi ile asubuhi ya mwanzo saa mbili mpaka saa nne nijifungie nifanye invoisi peke yake, mlango ufungwe.

Kaka_wa_Maweni

Na simu je

Bint_Langoni

Simu nimpe wa mapokezi basi, umeridhika 🙄

Sista_wa_Zamu

Na invoisi usiziingize moja moja zikija. Ziwekee sahani au boksi, zinakaa hapo, unaziingiza zote kwa mkao mmoja. Sisi ripoti za zamu tunafanya hivyo, ukiandika ya kila mgonjwa kila ukipita utakesha ukiandika na wagonjwa hujawaona.

Ustadh_Mdogo

Wallahi mnaongea dunia tu, mtu akiswali vipindi vitano kwa wakati wake tayari ana ratiba, haya mengine ni mbwembwe za wazungu na Wajerumani.

Bi_Mkomani

Ustadhi, binti ameshasema magharibi na alfajiri mara ngapi humu? Swala anayo. Anachotafuta ni saa ya hesabu baina ya swala na swala. Wewe kama una pepa za zamani mletee, kama huna tuombee.

Ustadh_Mdogo

Sina bi mkubwa. Nawaombea.

Bint_Langoni

Haya jamani nimekaa na mama jana usiku nikamweleza ile ya "nilindie", akanitazama kwanza, halafu akauliza "na nani atampikia baba yako chai ya magharibi?" 😂 Tumepatana chai itapikwa kabla, iwekwe kwenye thamosi, mi nipande chumba cha juu mpaka isha. Shangazi kakubali kuwashika watoto lakini anataka nimwekee bando Ijumaa. Sawa, biashara ni biashara.

Kazini nimepeleka barua ya livu, bosi amesema ataangalia, si hapana. Ya siku mbili za vikavu amekubali hapo hapo maana hata yeye alikuwa amechoka na kelele za punda asubuhi. Ile ya kumwambia mwisho saa kumi na moja na nusu sijaweza, nitajaribu kwanza nianze kutoka na boti ya wenzangu, boti ikinisubiri nina sababu.

Disemba nimeamua sheria peke yake. Uchumi na hesabu nizipeleke Agosti. Moyo umeniuma kidogo kusema kweli, nilishawaambia watu tatu. Lakini nikihesabu jioni zilobaki, nikitoa za 9 na 20, nikitoa ile jioni tupu ya Bi Mkomani, na harusi za November ambazo mbili ni za binamu zangu kabisa siwezi kuzikwepa, sheria pekee inaingia vizuri, ya pili ingekuwa ya kujilazimisha.

Sasa swali la mwisho, pepa za zamani za sheria nilizo nazo ni za silabasi ya zamani, kuna mwenye mpya mpya hapa Amu anikopeshe nitoe kopi?

mwl_wa_hesabu

Hizo za silabasi ya zamani usizitupe, maswali ya mikataba na ya makosa ya madai hayajabadilika sana, tumia hizo. Ila upande wa utawala bora tafuta mpya, hapo pameongezwa.

Maji_ya_Mkanda

Mdogo wangu alikalia sheria Agosti, yuko Mkomani karibu na sokoni. Ana za miaka ya karibuni amezitia kwenye faili, chache zimelowa kwa mvua lakini zinasomeka. Nakutumia namba yake kwa ujumbe wa pembeni, mpigie baada ya alasiri, asubuhi hapatikani.

Bint_Langoni

Alasiri niko kazini, ntampigia nikiwa kwa boti. Shukran sana kaka.